Zege Halibebi Abiria

Mimi sina ugomvi na zege. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wakiona mzee analalamika gazetini wanadhani anachukia maendeleo. Zege la barabara ya Kilwa ni zuri. Limenyooka, halina mashimo, na mvua ikinyesha maji yanajua pa kupita, adabu ambayo maji ya mtaani kwetu hayajawahi kufundishwa. Ugomvi wangu ni kwamba zege lile lilimwagwa, likakauka, likapigwa mistari, vituo vikaezekwa, halafu basi halikuja. Si siku ile wala wiki ile. Miaka.

Nyinyi wa Masaki mtasema mzee anaongeza chumvi. Haya, pandeni nami daladala ya enzi hizo, Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Umekaa nyuma ya dereva, magoti yamefika kidevuni, na mama wa pembeni amekupakatisha ndoo ya samaki kwa sababu "baba, wewe mikono yako mitupu". Gari imesimama Mtongani. Dereva amezima injini, maana yake hata yeye amekata tamaa. Unageuza shingo kulia, na hapo, hatua mbili kutoka dirishani kwako, kuna njia ya mabasi ya mwendokasi, pana, safi, haina hata tairi.

Nisiseme uongo, haikukosa watumiaji. Alfajiri walipita watu wa mazoezi, wale wenye vitambi wanaokimbia kwa agizo la daktari. Kukipambazuka wakaingia bodaboda. Mchana ungeona mkokoteni wa mbao, msukumaji anaimba, hana wasiwasi wa kugongwa na chochote. Na ving'ora vikilia, ulikuwa unapita msafara wa mkubwa fulani, vioo vyeusi, unakwenda kwenye mkutano. Sijui mkutano wa nini. Mimi roho mbaya yangu iliniambia ni wa kujadili msongamano.

Siku moja niliteremka nikamwendea mlinzi wa kituo kimojawapo. Kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unalinda nini hapa?"

"Nalinda kituo, mzee."

"Na basi linakuja lini?"

"Aa, mzee wangu, mimi ni wa ulinzi. Mambo ya mabasi waulize watu wa mabasi."

Nikamuuliza watu wa mabasi wako wapi. Akaniangalia kwa huruma, akanipa kiti.

Jioni ndiyo ilikuwa kasheshe. Pale Kariakoo gari ya Mbagala ilikuwa haijashusha abiria, vijana tayari wananing'inia madirishani. Mmoja anarusha begi, mwingine anarusha kitambaa, siti imeshikwa. Nilimshuhudia mama akimpitisha mtoto dirishani, kisha akafuata mwenyewe, na kanga haikumdondoka. Sisi wenye magoti ya kizamani dirishani hatupiti, kwa hiyo tulikuwa tunageuza. Unaifuata gari kule inakotokea, unaipanda ikiwa inaelekea usikotaka kwenda, halafu unarudi nayo ukiwa umekaa. Na konda si mjinga.

"Mzee wangu, wa kugeuza nauli mbili."

"Mwanangu, siti niliyokalia ni moja."

"Siti moja, safari mbili, mzee. Hesabu hiyo hata darasa la pili wanaiweza."

Nikatoa. Kwa hiyo wataalamu wanaposema nchi hii haina ruzuku ya usafiri wa mijini, wanakosea. Ipo. Nilikuwa naitoa mimi, kila jioni, mkononi mwa konda, bila risiti.

Sasa tuulizane: inakuwaje watu wazima, wenye shahada na miwani, wajenge njia ya mabasi wasahau mabasi? Hawakusahau. Ulikuwa ndio mpango. Ujenzi unalipiwa na mkopo. Awamu ya kwanza, ile ya Kimara, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu yetu ya Mbagala, kilometa zipatazo 20, mkopo wake mkubwa ulitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo unapenda kitu kisichohama: zege, nguzo, karakana, geti. Mabasi yenyewe, dereva, dizeli na spea vinaachiwa mwekezaji, atafutwe, apatikane, aje na hela zake, kisha azirudishe kwa nauli. Ni sawa na kumjengea mkeo jiko la vigae, ukaita majirani waje kulitazama, halafu ukamwambia unga atafute mwenyewe.

Na tuseme ukweli, zege lina faida moja ambayo spea haina. Linazinduliwa. Unaweka hema, unaita matarumbeta, kiongozi anashika mkasi, picha inatoka ukurasa wa mbele. Sijawahi kuona waziri akikata utepe mbele ya boksi la breki pedi. Wala sijasikia kwaya ikitunga wimbo wa kusifu kubadilishwa kwa oili. Lakini basi hutembea kwa hivyo viwili.

Yaliyoipata Kimara tuliyaona kwa macho, na bado hatukujifunza. Wakala wa kusimamia mabasi yale ulianzishwa 2007. Ujenzi ukaanza 2012. Mei 2016 mabasi yakaanza kubeba watu, na Januari 2017 Rais Magufuli akazindua rasmi. Miezi ile ya mwanzo, wallahi, niliwaonea wivu wakwe zangu wa Kimara. Mtu anatoka nyumbani amevaa shati jeupe anafika Kivukoni shati bado jeupe. Dunia ikatutunza: Dar es Salaam ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Shemeji yangu alitembea na habari hiyo kwenye simu, anamwonyesha kila mtu, utadhani tuzo kapewa yeye.

Lakini mpango wa awamu ile ulihitaji mabasi 305, na yaliyoanza ni 140. Chini ya nusu. Na ile nusu iliyokosekana, abiria wake hawakukaa nyumbani kuisubiri. Walikwenda kituoni.

Halafu nauli. Kabla ya kuanza, mwendeshaji alipeleka maombi ya nauli ya kuanzia shilingi 700 hadi 1,400. Serikali ikasema haiwezekani, wananchi wataumia. Ikawa 400, 650 na 800. Mimi nilipiga makofi, na ningepiga tena leo. Mfanyakazi wa ndani na muuza karanga hawawezi kulipa 1,400 kwenda na 1,400 kurudi. Ila tulipomaliza kupiga makofi hakuna aliyeuliza: hiyo tofauti kati ya 1,400 na 800 analipa nani? Labda mwendeshaji alijaza hesabu, maana mfanyabiashara akiomba bei huwa anaacha nafasi ya kupatana. Sawa, punguza. Lakini ukishapunguza lazima kuna kitu kinabaki, na kile kinachobaki kama hakilipwi na abiria wala na hazina, kinalipwa na basi lenyewe. Linalipa kwa tairi zake, kwa milango yake, kwa springi. Siku moja linasimama, na tunamlaumu dereva.

Na hata pale mabasi yalipoletwa, tulijipiga ngwala wenyewe. Mwaka 2018 mabasi 70 ya nyongeza yalifika bandarini Dar es Salaam, yakakwama humo kwa mvutano wa kodi. Fikirini hilo taratibu. Serikali imekopa kujenga njia. Serikali imepanga nauli ndogo. Mabasi ya kupita kwenye njia hiyo kwa nauli hiyo yakatia nanga, na serikali hiyo hiyo ikasema hayatoki mpaka ilipwe. Huku bandarini yanaota vumbi, kule Kimara watu wanaota wamepanda.

Jangwani nilitaka kuiacha, lakini haiachiki. Desemba 2011 mafuriko yalivamia bonde la Mto Msimbazi, watu wakapoteza maisha na nyumba, wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Wakaambiwa, na waliambiwa kweli, kwamba bonde lile si mahali pa binadamu kuishi. Mwaka uliofuata ujenzi wa mwendokasi ukaanza, na karakana kuu ya mabasi ikajengwa wapi? Jangwani. Bondeni. Mto haukubagua. Ulirudi kila masika kuwatembelea wapangaji wapya, na 2018 mabasi yakaharibika kwa maji. Jirani yangu, fundi wa magari, alisema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu gazeti hili husomwa na watoto.

Vijana wanadhani mambo haya yameanza juzi. Mimi nimepanda UDA. Shirika lile lilizaliwa 1974, baada ya kampuni ya DMT kutaifishwa na kugawanywa, UDA ikabaki na mji na KAMATA ikachukua safari za mikoani. Tulikuwa na Ikarusi za Hungaria, zile ndefu zenye mkunjo katikati, kumbakumba. Ukisimama kwenye ule mkunjo, gari ikikata kona, miguu inakwenda kushoto na kichwa kinabaki. Raha tupu! Wakati ule serikali ilifanya kinyume cha leo: mabasi ilinunua yenyewe. Lakini yakiharibika, fedha za kigeni hazipo, spea hazipo, yanapangwa uani mwa karakana yanakuwa nyumba za paka. Mpaka 1983 ikabidi kukubali yaishe, daladala za watu binafsi zikaruhusiwa. Na daladala, pamoja na matusi yake yote, ikaubeba mji huu mgongoni mpaka leo bila kuomba senti ya hazina. Ndiyo maana sipendi kuona wapanga mipango wakiitaja kama uchafu wa kuondolewa barabarani. Iliyokubeba msituni usiitukane ukifika mjini.

Msidhani ni sisi peke yetu. Wenzetu wa Nairobi walitushinda kwa unafuu. Mwaka 2018 walichukua rangi nyekundu, wakachora mstari kwenye barabara ya Thika, wakatangaza njia ya mabasi ya kasi. Rangi! Hakuna zege, hakuna mlinzi wa kumpa mzee kiti. Mabasi yale hayakuja, matatu zikaendelea kupita juu ya mstari mpaka ukafifia. Hata Bogotá kule Kolombia, mji ulioanzisha TransMilenio mwaka 2000 na ambao kila mtaalamu wa mabasi anautaja kabla hajameza mate, siku hizi hazina ya mji inaweka fedha kufidia nauli. London vilevile, nauli peke yake hailipii mabasi. Wenye nacho wanachangia basi, sisi tusio nacho tunataka basi lijitegemee.

Nilipoyasema haya barazani, bwana mmoja mwenye gari lake aliruka. "Ruzuku? Zitaliwa! Huduma ijiendeshe yenyewe!" Nikamtuliza kwa kahawa, nikamuuliza: wewe asubuhi unapita juu ya flaiova ya Mfugale pale TAZARA, unalipa shilingi ngapi? Hakuna. Ile ya Kijazi pale Ubungo je? Hakuna. Imewahi kutokea mtu akaiita flaiova bungeni ajieleze itaanza lini kupata faida? Akasema flaiova ni miundombinu. Nikamwambia basi na mimi ni miundombinu, maana nimekanyagwa na kila gari la mji huu. Watu wakacheka, yeye akaondoka na gari lake. Kuhusu kuliwa nilimkubalia nusu. Zinaweza kuliwa. Ila hata fedha za zege zinaweza kuliwa, na hilo halijawahi kutuzuia kumwaga zege.

Sasa, ili nisionekane mchoyo wa shukrani: 2025 mabasi yalianza kupita kwenye njia yetu ya Mbagala. Mapya, yananukia plastiki. Nimeyapanda. Nilipita Mtoni kwa Azizi Ali bila kusimama, nikaiona daladala kule pembeni imenasa, na ndani yake mzee mmoja ananitazama. Nilimwonea huruma, lakini sikuteremka.

Shida yangu ni kwamba basi jipya halina siri. Jipya ni zima. Mambo huanza mwaka wa tatu, wa nne, milango inapogoma kufunga na fundi anaposema kifaa kimeagizwa kiko njiani. Hapo ndipo tutajua kama kuna mtu aliandika mahali popote fedha za kifaa hicho zitatoka kwenye fungu gani, au kama mpango ni ule ule wa kumwangalia mwekezaji, mwekezaji aangalie nauli, nauli itutazame sisi. Na awamu nyingine ziko njiani, ya Gongo la Mboto, ya Tegeta, zote na zege lake.

Kwa hiyo mheshimiwa mbunge wangu, najua gazeti hili hulisoma, angalau ukurasa huu. Bajeti ijayo ukisimama usiniombee barabara. Niombee fungu la mabasi, liandikwe kwa jina lake: tofauti ya nauli, matairi, breki pedi. Lipitishwe kila mwaka, si mara moja kwa kelele. Na kama sherehe ni lazima, njooni karakana siku ya kubadilisha oili. Utepe nitanunua mimi, Kariakoo upo wa bei ya jumla.