Mtungi Ungali Kwenye Nailoni

Dereva wa Mbeya kwenda Dar amejiandaa kwa dharura zote, hasa ile ya trafiki. Mtungi wa kuzima moto anao, ungali na nailoni ya dukani. Mshale wa geji umelala kwenye nyekundu, lakini nani anasoma geji? Pembetatu za kuakisi mwanga zipo, chini kabisa ya buti, juu yake magunia mawili ya mchele wa Kyela na sanduku la shemeji. Spea nayo ipo, afande. Upepo tu ndio haumo. Jeki ameiazima jirani, na jirani ni mtu wa heshima, haulizwi.

Gari likizima kwenye kona za Kitonga, ambako malori hushuka yakinyata, pembetatu haiguswi, itachafuka. Hukatwa matawi, yakatandazwa kwenye lami na kugandamizwa kwa mawe. Gari likipona, linaondoka. Mawe yanabaki palepale, zawadi kwa bodaboda atakayepita usiku.

Tochi? Imo kwenye simu. Simu ina chaji asilimia 4, maana tangu Makambako ilikuwa inapiga taarabu.