Hongera kwa Kurefusha Utoto

Waliotuandalia sanduku la The Country Gentlemen, The Early Rebel Recordings: 1962–1971, wapewe nishani. Sidii nne nzima za mwanzo wa bendi ya blugrasi iliyoundwa Washington mwaka 1957! Mzazi gani mwenye subira huhesabu umri wa mwanawe kabla hajatimiza mitano? Zile rekodi zilizotangulia, za Starday na za Folkways, ni mali ya lebo nyingine, si Rebel, kwa hiyo hazikuwa mwanzo. Labda walikuwa wanakohoa tu.

Na mwanzo huu una pumzi, nyie! John Duffey, mwenye mandolini na ulimi mkali, akaondoka 1969. Mwanzo ukaendelea bila yeye. Mwaka 1971 akaanzisha bendi nyingine, The Seldom Scene, akapata mwanzo wa pili huku ule wa kwanza haujaisha. Tumpongeze pia.

Enzi hizo wahafidhina wa blugrasi waliwanunia vijana hawa kwa usasa wao. Wangetulia. Usasa sasa umekunjwa vizuri, umewekwa namba, umefungwa sandukuni. Mtu mwenye maendeleo hana budi kuununua, kisha aanze kudunduliza pesa za sanduku la mwanzo wenyewe.