Bahari Ghorofa ya Nne

Akwaria ya maji ya chumvi ni chombo cha kioo ambamo mtu hujaribu kufuga kipande cha bahari, yaani maji yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, joto la nyuzi 25 au 26 za selsiasi, na hewa ya kuwatosha viumbe waliozoea mawimbi. Na iwapo chombo hicho kinakusudiwa kuwekwa Umoja, Donholm au Kayole, ni busara uchunguzi uanzie kwenye jina la mji wenyewe, Nairobi, ambalo limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wamaasai walikwisha kutoa onyo, ila hawakujua kwamba lingemhusu samaki wa Shimoni.

Mfugaji anayezungumziwa hapa, ambaye kwa staha ya kitaaluma hatatajwa jina ingawa mwandishi humwona kila asubuhi anaponyoa ndevu, alikuwa na kanuni moja tu ya uchumi, kwamba kila kinachouzwa dukani kina ndugu yake wa bei nafuu katika soko la Gikomba. Kwa kanuni hiyo alikatiwa vioo vya milimita 6 na fundi wa madirisha, vikaunganishwa kwa silikoni, likapatikana tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, ambalo kwa hesabu hubeba lita 96. Silikoni ya kwanza ilikuwa ya bafuni, aina inayotiwa dawa ya kuua kuvu, na kwa kuwa dawa hiyo haibagui baina ya kuvu na samaki, ilibidi ikwanguliwe yote kwa wembe na kazi ianze upya. Likijaa, maji peke yake huwa na uzito wa kilo 98, karibu mifuko miwili ya saruji, jambo ambalo keyateka wa ploti alilielewa upesi kuliko mfugaji, kwani alipanda ngazi, akaigonga sakafu kwa kisigino mara tatu, kisha akauliza kama wa ghorofa ya tatu wamejulishwa.

Suala la chumvi lilihitaji kilo tatu na ushei, na pakiti saba za nusu kilo za chumvi ya jikoni zingetosha kwa vipimo vya mizani, lakini si kwa vipimo vya bahari. Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu karibu tupu iliyotiwa iodini, ilhali maji ya bahari yana pia magnesi, kalsi, potasi na mengineyo ambayo mwili wa samaki huyategemea. Anayewekwa katika maji ya chumvi ya jikoni ameanza safari ya kuwa ng'onda. Chumvi maalumu ya akwaria ilipoonekana ghali, mfugaji aliamua kuyafuata maji yenyewe Mombasa, umbali wa karibu kilomita 500, kwa hoja kwamba bahari haitozi kitu. Hoja ilikuwa sahihi, ila basi hutoza. Mpakiaji wa mizigo, baada ya kuinua mtungi wa tatu kati ya mitano ya lita 20, aliuliza kilichomo, na alipojibiwa kuwa ni maji aliutua chini polepole, akamtazama abiria kwa huruma ambayo kwa kawaida huwekewa wagonjwa.

Maji hayo yalifika Umoja katika juma ambalo mifereji ilikuwa imekauka kwa siku tatu, na hapa nadharia ya akwaria hukutana na sosholojia ya ploti, kwa maana mitungi mitano iliyojaa, ikipangwa kwenye kibaraza wakati wa mgao, si mali ya mtu mmoja. Jirani alibisha hodi kuomba mtungi mmoja, na mtoto wa mfugaji, aliyelelewa vyema, akautoa. Jioni jirani alirudi na sufuria mkononi.

“Baba Brayo, haya maji umeyatoa wapi? Nimetia sukari vijiko sita na bado chai imekataa.”

Lita 20 zilizopotea zilifidiwa kwa chumvi ileile maalumu ya akwaria iliyokwepwa mwanzoni.

Tangi lilipojaa, hapakuwa na samaki kwa wiki sita, kwa sababu kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na lazima kwanza zizaliane bakteria za kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo huvumilika. Ili kuzilisha bakteria hizo aliachwa kamba mmoja mbichi aoze majini, karibu na jiwe la matumbawe ya kale, lile la kujengea nyumba za pwani, kwani kung'oa matumbawe hai katika hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni kosa la jinai. Wageni waliokuja kuona samaki walioneshwa jiwe, harufu na maelezo.

Hatimaye walinunuliwa samaki wawili wa aina ya Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa iliyofifia na mstari mweupe mgongoni, ambao watoto wa ploti waliwaita wote Nemo kwa sababu ya filamu ya mwaka 2003. Samaki wa jamii hii huanza maisha wakiwa madume, na katika jozi mkubwa hugeuka kuwa jike. Filamu haikuligusia hilo, na mfugaji naye alinyamaza. Julai ilipofika na usiku kushuka hadi nyuzi 12, hita ya wati 100 ilimeza tokeni bila haya, ikawa viumbe pekee wenye hali ya hewa ya Mombasa nyumbani humo ni hao wawili, huku anayewalipia stima akitazama taarifa ya habari kwa jaketi na kofia ya sufu.

Tatizo ambalo Gikomba haikuwa na dawa yake ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko yaliyoko pwani. Wanariadha hupanda Iten kuitafuta hali hiyo kwa hiari, samaki hawakuulizwa. Basi stima ilipokatika saa tano usiku na pampu ya hewa kunyamaza, mfugaji alichukua kikombe cha bati, akawa anachota maji na kuyamimina tangini kutoka juu, kama apozaye chai, ili yachanganyike na hewa, na aliendelea hivyo, akibadilisha mikono, hadi saa kumi na moja alfajiri.

Samaki wote wawili wangali hai, na mwezi Machi uliofuata mkubwa wao alitaga mayai juu ya jiwe la kujengea nyumba.