Namna ya Kuua Hedi ya Volkswagen bila Kuvunjiwa Heshima

Umenunua Volkswagen Beetle ya zamani. Hongera. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1962, na hilo utalisema kila kijiwe hata kama la kwako halijawahi kuvuka Chalinze. Sasa linakohoa, nawe umeamua kubadilisha plagi mwenyewe huku majirani wakikutazama. Nifuate, ndugu yangu. Kazi ya nusu saa tutaifanya ya mwezi mzima, na bado watakuita mtaalamu.

1. Usipime. Geji ya uzi ni vibati vyembamba vyenye meno. Unavilaza kimoja kimoja juu ya uzi mpaka upate kinachokaa bila mwanga kupenya katikati. Ukifanya hivyo utaujua ukweli, na starehe itaishia hapo. Wewe shika plagi kuukuu, ielekeze juani, funga jicho moja, tamka: "Hii kumi na nne."

Tena utakuwa umepatia! Plagi ya Beetle ina kipenyo cha milimita 14. Raha yenyewe ni kwamba hata bolti ya kumwagia oili, chini ya injini hiyo hiyo, ni 14. Ila kutoka jino hadi jino, uzi wa plagi ni milimita 1.25 na wa bolti ya oili ni 1.5. Kwa hiyo ukienda kuazima tapu ya kusafishia tundu la plagi, omba "ya kumi na nne", kisha nyamaza. Yaliyobaki mwachie Mungu na alumini ya hedi.

2. Dukani nenda mikono mitupu. Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, kubeba sampuli ni ushamba. Ukiulizwa namba, jibu: "Za Volkswagen." Kila kitu kimeandikwa kwenye kauri ya plagi, ndiyo maana hakuna anayekisoma. Chukua NGK B6HS: B ni ule uzi wa 14, 6 ni daraja la joto, H ni urefu wa uzi, milimita 12.7. Zikiwa zimekwisha, muuzaji atakupa B6ES. Watu wazima mgombanie herufi moja? Hiyo E ni milimita 19. Milimita sita na ushee zitachungulia ndani ya silinda, na pistoni ikipanda, hodi utaisikia mwenyewe.

Ukitaka usomi zaidi, zungumzia joto. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Hayo usiyataje. Sema "namba kubwa ndiyo yenye nguvu", utaona vichwa vinavyoitikia.

Na hii ni siri yetu: epuka maduka ya mashine za boti. Kule Tanga, Unguja na Mombasa, injini nyingi za boti za mipigo miwili hutumia B7HS, yaani uzi ule ule na urefu ule ule, tofauti ni daraja moja la joto. Muuzaji anayeishi kwa herufi hizo anaweza kukuchomolea B6HS halisi kabla hujamaliza salamu. Utarudi nyumbani na plagi sahihi, na mimi sitakuwa na la kukusaidia.

3. Funga kwa nguvu, injini ikiwa bado ya moto. Hedi ni alumini, plagi ni chuma; unajua nani atashindwa. Matundu mawili ya mbele yamejificha ndani ya mabati ya upepo, huyaoni, ni ya kupapasa. Mafundi wazee huchomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi na kuizungusha taratibu kwa vidole. Uzi ukiingia upande, mpira unateleza tu, hakuna kilichoharibika. Mpira! Mbele za watu! Wewe anza na spana tangu mzunguko wa kwanza. Ikigoma, ongeza bomba kwenye mpini. Itakaza, itakaza, halafu ghafla italegea. Futa mikono, sema: "Imekaa."

4. Plagi itashika siku chache, kisha itafyatuka mlimani kwa kishindo. Laumu petroli. Petroli wakiitetea, mlaumu aliyekuuzia gari.

5. Fundi ataweza kutia helikoili, yaani uzi mpya ndani ya tundu lililoharibika, lakini huenda akataka kushusha injini kwanza. Imeshikwa kwa bolti na nati nne tu, kwa hiyo itakuwa sakafuni kabla hujapata pa kujificha, naye atamweleza kila mpita njia alichokikuta. Wahi kijiweni kabla yake. Tangaza kwamba unafanya "ukarabati mkubwa", kisha fungua kundi la michango.