Mpigie Anti

Mzazi wa Kitengela anamjua mwanawe vizuri sana, mradi mtoto awe amelala. Saa kumi na moja alfajiri mzazi yuko steji akigombania kiti kwenye matatu ya Nairobi kabla malori ya saruji hayajaijaza barabara. Jioni foleni humshika Athi River, ikamwachia kidogo, ikamshika tena akikaribia nyumbani, na anapofungua mlango watoto wako blanketini. Huwachungulia, hupendezwa na jinsi walivyotulia, halafu huenda jikoni kufunua sufuria. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji huu, na sidhani nitakosea nikisema wengi wetu tulihesabiwa tukipiga miayo.

Kisha shule zinafungwa Agosti, mwajiri anakupa likizo, na ghafla mnajikuta ndani ya gari moja na watu wadogo ambao hamjawahi kukaa nao wakiwa macho kutwa nzima. Watu husema safari na watoto huchosha kwa sababu ya watoto. Mimi nasema huchosha kwa sababu hatujuani.

Baba watoto ndiye aliyekataa Mombasa. Hoja yake ilikuwa nzito: "Wazungu wanapanda ndege usiku kucha waje Kajiado, na sisi tunaokaa Kajiado tunapanda treni kuikimbia." Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, nasi tulikuwa tunaijua kutoka steji hadi kanisani. Basi tukaazima Noah ya shemeji, safari ikawa ya Amboseli.

Msafara wenyewe ulikuwa hivi. Kifungua mimba, aliyekuwa ameingia umri wa kuchukia kila kitu isipokuwa simu. Wa kati, ambaye huuliza swali, hujibiwa, kisha hulihoji jibu. Kitinda mimba, miaka mitatu, mwenye nyumba. Na Shosho, yaani mama mkwe wangu, aliyekuja na kiondo, ndimu kadhaa, na noti zilizofungwa kwenye pindo la leso. Anti anayetulelea watoto hawa alikuwa kwao Busia kwa likizo yake.

Baba watoto alitangaza tuondoke saa kumi na moja alfajiri, tuwahi kabla ya foleni. Tuliondoka saa tatu. Kitinda mimba alikubali kuvaa gambuti tu, na moja haikuonekana. Kufikia saa hizo trela za Namanga, punda wa maji, bodaboda na matatu zinazogeukia popote zilikuwa zimeshikana katikati ya mji, nasi tukakaa hapo mpaka wa kati akauliza, "Amboseli ni hapa?"

Kila mtoto alikuwa ameulizwa nyumbani kama anataka kwenda haja, na kila mtoto aliapa hataki. Tulipofika Isinya, wa kati akatangaza amebanwa. Tukasimama karibu na mgunga mmoja kando ya barabara. Ng'ambo ya seng'enge alikuwapo mvulana wa rika lake, shuka begani, fimbo mkononi, akichunga kundi zima la mbuzi peke yake, bila mtu wa kumuuliza kama amekojoa. Alitutazama kwa huruma.

Hapo ndipo baba watoto, kwa nia njema ya kuharakisha shughuli, alipokumbuka historia. "Fanya haraka. Machi 2016 simba alitoka Mbuga ya Nairobi akafika mpaka hapa Isinya." Ni kweli tupu. Mbuga ile iko wazi upande wa kusini, na wanyama walikuwa wakitoka humo kuja nyanda za Kitengela miaka mingi kabla ploti hazijaanza kuuzwa. Lakini ukweli nao una wakati wake. Mkojo ulikatika papo hapo, mtoto akarudi garini mbio, suruali magotini. Kifungua mimba akainua macho kutoka kwenye simu yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Baba, huyo simba alipigwa risasi. Imeandikwa hapa." Sasa tukawa na mtoto aliyebanwa, anayemwogopa simba na anayemlilia simba huyohuyo. Ilibidi tusimame tena mbele kidogo, safari hii baba mtu akishika doria na jeki ya gari mkononi.

Baada ya Isinya barabara inafunguka, na gari likachanganya mwendo. Kitinda mimba alikuwa amepewa simu ya babake aangalie katuni, maana hiyo ndiyo dawa ya siku hizi ya kelele. Kichefuchefu cha safari huja hivi: macho yanaona kitu kilichotulia, kioo cha simu, sikio la ndani linahisi gari likikata kona na kuruka matuta, ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio huteseka zaidi, wachanga husalimika. Kinachosaidia ni kumkalisha mtoto mahali anapoona mbele na mbali, ng'ombe au mlima, dirisha likiwa wazi kidogo, na kutomshindilia maziwa na mandazi kabla ya kuondoka. Shosho anayajua haya kwa njia yake, ndiyo maana ndimu zilikuwa zimeshatoka kwenye kiondo. Kitinda mimba akaacha kucheka ghafla. Uso ukageuka rangi ya uji.

Zamani kila gari la Kenya lilikuwa na mfuko wa plastiki kwa dharura hiyo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ni marufuku, nami ni raia mtiifu. Sheria ile naiunga mkono kwa moyo wote, na ng'ombe wa Kajiado waliokuwa wakila nailoni wangeiunga mkono pia kama wangeulizwa. Ila sidhani walioiandika walikaa kiti cha nyuma na mtoto wa miaka mitatu. Nilinyoosha mkono nikakamata cha kwanza kilichopatikana: kofia mpya ya baba watoto, ile pana ya kitalii, iliyonunuliwa kwa ajili ya picha. Ilitosha yote. Haikuvuja hata tone. Ni kofia iliyoshonwa na mtu anayejua kazi.

Kajiado mjini tuliingia kituo cha mafuta kuosha mtoto, kofia na viti, kwa utaratibu huo. Hapo kikaanza kile kilio kisicho na sababu inayotajika. Nikampa maji, akatupa. Nikampa ndizi, akatupa. Nikampa mama, yaani mimi mwenyewe, akanisukuma. Babake akaimba, kilio kikapanda, na kwa haki. Wahudumu wa kituo wakaanza kututazama kwa macho ya kutaka kujua kama mtoto ni wetu. Shosho, ambaye muda wote alikuwa kimya akikata ndimu, akasema, "Mpigie anti."

Anti akapokea, kuku wakilia nyuma yake.

"Mama, mmemvua viatu?"

Hatukuwa tumemvua.

"Mvueni. Hawezi kulala na viatu. Halafu angalia mfuko wa pembeni wa begi lake, niliweka kitambaa changu cha kijani. Mpe ashike."

Kitambaa kilikuwapo, kimekunjwa vizuri. Mtoto akakishika, akakinusa, akanyamaza, akalala kabla sijamaliza kusema asante. Mtu yuko Busia, mwisho mwingine kabisa wa Kenya, na alikuwa akimwona mtoto huyu vizuri kuliko mimi niliyempakata. Ningepata nafasi ya kuumia, lakini nilikuwa na kofia mkononi.

Bissil tulipita ng'ombe wakivuka barabara kwa mwendo wao, moshi wa nyama ukituita na baba watoto akijifanya haunusi. Namanga tulisimama kununua maji. Wa kati alitaka kuona Tanzania. Nikamwonyesha, ng'ambo ya kile kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walikifungua rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Akatazama kwa muda mrefu. "Mbona inafanana na Bissil?" Waingereza na Wajerumani waliokubaliana kuuchora mpaka huo mwaka 1886 hawakuniachia jibu lolote la kumpa.

Kutoka Namanga tukashika njia ya vumbi kuelekea lango la Meshanani, meno yakigongana, kofia ikianikwa dirishani. Langoni tukajifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, mbuga haipokei pesa taslimu. Unalipa kwa mtandao kupitia eCitizen, na akaunti yetu ilikuwa kwenye simu ileile iliyocheza katuni kutoka Kitengela mpaka ikazima. Shosho akafungua pindo la leso akatoa noti. Askari akamwambia kwa heshima zote kwamba haziwezi kupokelewa. Shosho hakuwahi kuona pesa ya serikali ikikataliwa na serikali, na alitaka kuelezwa mara ya pili.

La pili lilihusu chupa zetu za maji. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi kuingia mbugani. Kwa kuwa sisi si watu wa kumwaga maji, tuliyanywa yote pale langoni, familia nzima, mpaka chupa zikabaki tupu. Yule ambaye amewahi kuingia mbuga ya wanyama anajua kwamba ukishaingia huruhusiwi kushuka garini ovyo. Kilichofuata nakiachia akili ya msomaji.

Aliyetuokoa kwenye malipo ni Shosho. Alimfuata dereva mmoja wa vani ya watalii, wakazungumza pembeni, dereva akatulipia kwa simu yake, Shosho akamhesabia noti mara mbili, na akadai chenji.

Ndani, baba watoto alisimamisha gari atuonyeshe Kilimanjaro. "Mita 5,895," akasema akinyoosha kidole. "Mlima mrefu kuliko yote Afrika. Uko pale." Wa kati akafuata kidole. "Baba, hilo ni wingu." Mlima ule hupenda kuonekana alfajiri na jioni, mchana hujifunika. Sisi, watu wa kuondoka saa tatu, tulionyeshwa wingu la mita 5,895.

Halafu ndovu wakavuka barabara mbele yetu, na gari zima likanyamaza, hata kifungua mimba. Mtafiti Cynthia Moss alianza kuwafuatilia ndovu wa Amboseli mwaka 1972, na kazi hiyo imeendelea vizazi na vizazi vya ndovu. Kwa sababu hiyo tunajua mengi kuhusu familia zao. Anayeongoza ni jike mzee, nyanya. Ndama hutembea kati ya wakubwa. Na majike vijana ambao bado hawajazaa husaidia kulea ndama wa wenzao: wanamkimbilia akilia, wanamtoa kwenye matope. Kwa maneno mengine, hata ndovu wana anti. Ndama mmoja alisimama katikati ya barabara akaanza kuchezea kijiti. Kundi zima likamngoja. Hakuna aliyeangalia saa.

Shosho aliridhika sana kusikia habari za nyanya. Aliposikia mimba ya ndovu ni miezi 22 akasonya kwa niaba ya wanawake wote. Kisha akauliza, "Na madume je?" Nikamwambia wakishabalehe huondoka wakajitafutie. Akamtazama mwanawe pale kwenye usukani, akamtazama tena, akarudi kwa ndovu.

Nimesikia ushauri mwingi kuhusu safari na watoto: pakia mapema, beba michezo, tengeneza ratiba. Sina ugomvi nao, lakini ratiba haijui nani halali na viatu. Dawa ninayoiamini ni mazoezi. Jumamosi moja moja, safari fupi, mrudi kabla ya giza. Ukiwa Kitengela huna sababu ya kukosa pa kwenda. Pitia Isinya uende Kiserian, panda Kona Baridi watoto waone Bonde la Ufa likifunguka chini yao, mle nyama hapo, mrudi. Mkishazoeana, endeleeni na Barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940. Utakuta shoka za mawe zimetapakaa pale zilipoachwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, ushahidi kwamba watu hawajawahi kurudisha vitu mahali pake. Wa kati alifurahi sana kuujua, na huutumia dhidi yangu kila nikimwambia apange chumba.

Simu ya kulipia asiishike mtoto. Kofia ya pili ibebwe. Na kabla anti hajaenda likizo, keti naye chini na kalamu umuulize mambo ya nyumba yako mwenyewe, usione haya.

Treni ya Mombasa ipo, haikimbii. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu nauli na kulia nauli nzima. Kata tiketi zako ukishajua yupi huwa analia kwa njaa na yupi analilia viatu.