Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Nyumba tunayopanga ina wapangaji sita na choo kimoja. Choo kina kufuli, na kila mpangaji ana ufunguo wake. Wetu hukaa kwenye msumari kando ya mlango, mkono unaujua hata gizani. Usiku naufuata mara tano, siku nyingine mara nane.

Mama mkwe alipokuja kutoka Muheza, alichojua ni kwamba mkwewe ana chango. Alikuja na mizizi, na ukwaju alioukamua mwenyewe, jagi zima. Ningekataaje? Nikanywa bilauri mbili.

Miaka miwili nilitibiwa UTI. Dozi inaisha, maumivu yapo palepale, mpaka daktari mmoja alipoagiza mkojo ukaoteshwe maabara. Hakikuota kitu. Akasema kinachouma ni kibofu chenyewe: kikijaa kinauma, kikimwagwa kinapoa, kisha kinaanza tena. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 na zaidi. Daftari langu la kupima mkojo kwa siku tatu lilikuwa na 90, 110, 70. Akanipa amitriptilini, miligramu 10 kila usiku, dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa kipimo kidogo hupunguza maumivu ya namna hii. Na nichunguze chakula kinachonichokoza. Wengine ni kahawa, wengine pilipili. Mimi ni ndimu, nyanya, na zaidi ya vyote ukwaju.

Saa saba usiku nikapeleka mkono msumarini. Hamna kitu. Mama mkwe ndiye aliyetoka mwisho. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, pamoja na hela zake, kalala nao sebuleni. Nikasimama pembeni ya godoro. Mkwe anafunguaje pindo la mama aliyelala? Chini ya kitovu panawaka kama kidonda kilichomwagiwa chumvi. Nikachuchumaa, nikauma kanga.

Pumzi zangu ndizo zilizomwamsha. Akawasha tochi ya simu, akaniona nilivyoloa jasho. Hakuuliza. Alilifungua fundo kwa meno, akanishika mkono mpaka uani, akasubiri mlangoni na tochi yake. Tulikwenda mara nne kabla ya adhana. Mara ya tatu ndipo nilipomweleza yote.

Kulipokucha akaumwaga ukwaju uliobaki. Ni wiki ya tatu sasa yupo kwetu, na usiku nikirudi na jagi langu la kupimia, sauti yake hunipokea gizani:

"Ngapi, mwanangu?"

"Mia na hamsini, mama."

Namsikia akipapasa kalamu.