Mwalimu Katika Kibanda Umiza

Katika zama hizi ambazo mtu hamenyi kiazi pasipo kuuonyesha ulimwengu namna anavyokimenya, si ajabu kwamba hata mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa Usukumani na barua ya uhamisho na kubakishwa huko na ndoa, aliendewa na vijana wa Nkololo na kuambiwa kwamba hekima itolewayo bure barazani ni mali ipoteayo, na kwamba liko jukwaa mtandaoni ambako wasikilizaji hulipa ada kila mwezi ndipo wafunguliwe mlango. Nilikubali pasipo kubembelezwa sana, kwa maana pensheni ya mwalimu ni mgeni mwenye adabu: haingii kwa kishindo, wala hakai.

Kijana aliyekuwa mbele katika ushawishi huo, fundi simu wa pale senta, alikuja na hoja zilizopangika. Alinitajia Kili Paul, yule kijana wa Kimaasai ambaye mwaka 2021, akiwa na dada yake Neema, alizifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo hata mwaka uliofuata Waziri Mkuu wa India akawataja hadharani. Akanitajia vilevile Jack Conte, mwanamuziki wa Marekani ambaye, baada ya kuitumilia video moja fedha nyingi na kuona kwamba matangazo yamemrudishia makombo, alishirikiana na Sam Yam mwaka 2013 kuanzisha Patreon, ili wale wachache wampendao msanii kwa dhati wamlipe wenyewe. Nilipouliza kwa nini tusianze na YouTube ambayo kila mtu anaijua, alinieleza kwamba huko, tangu mwaka 2018, mgao wa matangazo kwa kawaida hautolewi mpaka mtu awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. "Mwalimu," akasema kwa taadhima yote, "huko utafika ukiwa marehemu."

Basi tukafungua ukurasa, tukaupa jina la Darasa la Adabu, ada yake shilingi 2,000 kwa mwezi, na somo la kwanza likawa maamkizi. Nilivaa kanzu, nikaketi chini ya mwembe, kijana akaiegemeza simu kwenye debe, nami nikaanza kueleza kwamba muungwana hapitwi na mtu pasipo kumwamkia. Sikuwa nimeikamilisha sentensi hiyo alipotokea mama mmoja na ndoo yake kichwani, akaniambia "Mwangaluka!", nami, maadamu nilikuwa nafundisha jambo hilohilo, sikuweza kumnyamazia, nikaitikia, akaniuliza hali ya nyumba, nikamjibu, akauliza ya watoto, nikamjibu, akauliza ya ng'ombe, ambao sina, na hilo nalo likahitaji maelezo. Alipoondoka akaja mwendesha bodaboda, akazima pikipiki kwa heshima, tukaanza upya. Hata jua lilipokuwa linatua, bando lilikuwa limekwisha, na somo la maamkizi lilikuwa na maamkizi matupu bila ya somo. Kijana alilipandisha hivyo hivyo, na mpaka leo ndilo lipendwalo kuliko yote.

Wanachama walianza kuingia mwezi wa sita, nikajiona nimekwisha kuwa tajiri; kufikia mwezi wa kumi na moja walikuwa wamepukutika karibu wote. Kijana alitoa sababu nyingi za kitaalamu, za mwanga hafifu na picha ya mbele isiyovutia, lakini sababu yenyewe ilikuwa shambani. Ada ya kila mwezi ni fikra ya watu wanaolipwa kila mwezi. Mkoa huu wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni mkoa wa pamba. Na mkulima wa pamba hushika fedha mara moja kwa mwaka, msimu ukishafunguliwa kwenye mwezi wa tano na mizigo yake ikishapita kwenye mizani ya chama cha ushirika. Mvua zikianza huwaza mbegu, dawa na jembe, na adabu ya kubisha hodi husubiri. Mzee mmoja muungwana, asiyetaka kuachwa nyuma, alikuja na gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, akasema ni ada yake ya mwaka mzima. Mke wangu alilipokea kwa mikono miwili. Jukwaa halikuwa na mahali pa kuliandika. Fauka ya hayo, jukwaa lenyewe lilikuwa radhi kunilipa ijara yangu kwa njia zote zijulikanazo duniani isipokuwa ile moja inayotumiwa na Nkololo nzima, yaani simu ya mkononi.

Nilikuwa katika hali hiyo ya kuhesabu wanachama waliosalia nilipopita senta jioni moja nikaisikia sauti yangu ikinguruma kutoka kibanda umiza, yaani banda la video. Nje palikuwa na ubao wa chaki: "Saa 11 Mwalimu. Saa 1 Simba. Kiingilio 200." Mlangoni nilitozwa kama wengine, kwani bawabu alisema kila atakaye kuingia bure hudai kwamba filamu ni yake. Ndani, juu ya mabenchi ya mbao yaliyojaa tangu ukutani mpaka ukutani, halaiki ilikuwa inautazama uso wangu. Na kando ya runinga alikuwa amesimama kijana mwenye maikrofoni, mwanafunzi wa ile sanaa aliyoipatia Lufufu sifa katika Tanzania nzima kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa maneno yake mwenyewe, akinifasiri kwa Kisukuma.

Katika video nilikuwa nimesema tu kwamba mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, na aondoke kwa upole. Mkalimani aliipokea sentensi hiyo, akaisimamisha picha, na kwa muda ambao mimi ningemaliza somo zima akaeleza habari za mdaiwa aliyejificha uvunguni, mkewe mlangoni akiapa kwamba bwana amekwenda Maswa, na kikohozi kilichoanza kumtekenya yule bwana hodi ya pili ilipopigwa. Kwenye hodi ya tatu watu walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Hata mimi nilicheka, tena sana, kabla ya kukumbuka kwamba sura iliyoganda pale juu, mdomo wazi, ni yangu.

Nilimwendea mwenye kibanda kudai haki yangu. Akatoa simu akanionyesha risiti. "Mwalimu, mimi ni mwanachama wako halali, tangu msimu uliopita sijakosa mwezi. Uliniuzia kutazama, hukusema kwa macho mangapi."

Shauri likapelekwa kwa mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa mchezaji wa Wagalu. Msomaji asiyekaa huku hana budi kujua kwamba Wasukuma walikuwa na ushindani wa namna hii, wa kuvutana watazamaji, tangu karne ya 19, walipogawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Wagika wafuasi wa Ngika na Wagalu wafuasi wa Gumha. Mavuno yakisha, ambapo watu wana nafasi na wana chochote mfukoni, pande mbili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake na dawa zake za mvuto, na mshindi ni yule ambaye watu wamemhamia. Ndiyo maana mmoja alileta chatu, mwingine akarusha majembe hewani, mwingine akapanda juu ya miti mirefu, na wengine wakachonga sanamu za watu. Padri David Clement, aliyeanzisha kituo cha utamaduni cha Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, aliukaribisha ushindani huo katika sikukuu ya Bulabo, ambako ungali unachezwa. Hakika nilikuwa nimeishi miaka mingi katikati ya mabingwa wa kuvuta watu, halafu nikamwendea fundi simu kuomba mwongozo.

Mzee alisikiliza pande zote, akauliza swali moja tu: watu wale walikuwa wanamtazama nani? Nilipokiri kwamba walimtazama mkalimani, akahukumu kwamba nimeshindwa kihalali, na kwamba aliyeshindwa hadai fidia, huomba kujiunga.

Nimejiunga. Mkalimani hukaa nami chini ya mwembe, na mapato tunayagawa mafungu matatu: langu, lake na la mwenye kibanda. Wanachama wa Nkololo hulipa kwa msimu, pamba ikishapimwa, na michembe hupokelewa nyumbani kwa mke wangu. Wewe msomaji uliye Mwanza, Dar es Salaam au Maskati, upokeaye mshahara kila mwisho wa mwezi, ada yako ni ile ile shilingi 2,000; na ukitaka kuwaita jirani watazame pamoja nawe, tafadhali niarifu kwanza, tuelewane fungu.